Msharasi na Kiganja

Juu ya meza yangu, kando ya dirisha linalotazama barabara, kuna msharasi, chombo cha fundi cha kutobolea ngozi. Mpini wake ni wa mti wa mpera, umeiva kwa jasho hadi rangi yake imekaribia ya kahawa chungu, na chuma chake kimenolewa mara nyingi hata kimebaki urefu wa kidole cha mtoto. Asiyejua kazi yake atadhani ni msumari uliopigiliwa kwenye kijiti. Lakini ukiufumbata kiganjani utahisi, juu kidogo ya mahali chuma kinapoingia mtini, kibonyeo laini kama cha ndani ya kijiko. Hakikuchongwa na seremala. Ni alama ya dole gumba la fundi mmoja, lililokaa papo hapo kwa zaidi ya miaka 30, likisukuma, likizungusha, likichomoa, hadi mti ukakubali umbo lake. Dole gumba langu halikai sawasawa humo. Linaelea pembeni, kama mgeni aliyekaribishwa kwenye kiti cha mwenye nyumba akaogopa kuegemea. Kila asubuhi kabla sijaanza kazi nautazama msharasi huu, na kila asubuhi swali ni lilelile: chombo kinachomfaa mtu ni kipi, na mtu hukipata wapi?

Nililianza swali hilo dukani. Nilipoingiwa na hamu ya kujifunza kazi ya ngozi nilikuwa tayari mtu mzima, mwenye watoto na mvi mbili tatu, na jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kununua. Nilirudi nyumbani na sanduku lenye vifaa zaidi ya 30, kila kimoja kimelazwa kwenye kitanda chake cha sponji: visu, patasi, vyuma vya kupigia nakshi, vyuma vya kutobolea, sindano za kila unene, nyundo yenye kichwa cha plastiki. Usiku ule nilivipanga mezani nikavitazama kama watu wanavyotazama mahari. Niliamini kwamba ufundi umelala ndani yake, unangoja mkono wangu uuamshe. Kulipokucha, kisu kikaikwaruza ngozi bila kuikata, ncha ya msharasi mpya ikapinda kwenye tundu la nne, na vile vyuma vya nakshi vikabaki kitandani mwao. Wahenga walikwisha kusema, mchagua jembe si mkulima, na kwa siku nyingi niliisikia methali hiyo kama hukumu. Anayeshinda sokoni akipima mipini na kugonga majembe kwa kucha asikilize mlio, mvua humkuta hajapasua hata tuta moja. Lakini nimekaa na methali hii muda mrefu sasa, nami naona ina chumba cha ndani ambacho mara ya kwanza sikukiingia. Haisemi kwamba majembe yote ni sawa. Inasema kwamba ajuaye jembe jema ni aliyekwisha kulima, na huyo hakawii sokoni, kwa sababu kiganja chake kimeshamwambia anachokitafuta.

Aliyenifundisha nilimkuta chini ya mkungu, pembeni mwa kituo cha daladala. Mafundi viatu wengi wa Dar es Salaam hupenda kuweka viti vyao chini ya mikungu, maana mti huo una majani mapana na kivuli chake hakina kodi. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba mwanangu," bila kuinua macho kwenye soli aliyokuwa akiishona. Nikamweleza haja yangu. Akaniuliza nina vifaa gani, nikamtajia vyote. Alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha akafungua mkoba wake akavimwaga vya kwake juu ya gunia: kisu kimoja kilichotokana na msumeno wa chuma, msharasi mmoja ulionyooka na mwingine wenye ndoana, nyundo, kinoo, kipande cha nta, na kipande cha reli cha kugongea. Saba tu. "Hivi ndivyo vilivyosomesha watoto wangu, mwanangu," akasema, akarudi kwenye soli yake. Nilihesabu tena, nikatafuta kinachokosekana, nisikione. Kila kimoja kilikuwa na sababu ya kuwamo mkobani, na sababu hiyo ilikuwa imeandikwa juu yake kwa mng'aro wa mahali kinaposhikwa. Vya kwangu vilikuwa vinang'aa kote. Vya kwake viling'aa pale tu mkono ulipopita.

Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kunoa. Hakunipa ngozi hata kipande, alinipa kisu na kinoo na kikopo cha maji, akaniambia, "Kikishaacha kupiga kelele, niite." Kwa siku kadhaa nilisikia sauti ya chuma juu ya jiwe hadi nikaanza kuielewa: makali yakiwa mabovu hulia kwa kukwaruza, yakikaribia kuwa sawa hunong'ona. Nikajifunza kwamba kisu butu ndicho kinachomjeruhi fundi, kwa sababu kinamlazimisha atie nguvu, na nguvu ikiteleza haina wa kuizuia. Kisu chenye makali hakisukumwi. Huongozwa tu, kama ng'ombe aliyezoea njia ya mtoni. Kisha mzee akanionyesha hatua ya mwisho. Alichukua ubao uliobandikwa kipande cha ngozi, akakiburuta kisu juu yake kinyumenyume, mgongo ukitangulia, upande huu mara kadhaa, upande wa pili mara kadhaa. Vinyozi wa zamani walifanya vivyo hivyo na wembe. Jiwe huacha kwenye makali ukingo mwembamba wa chuma usioonekana kwa macho, na ngozi ndiyo inayouondoa. Nilinyamaza nikitazama. Ngozi ilikuwa inakipa kisu makali ambayo yangeikata ngozi nyingine. Nikawafikiria wazazi, ambao hutunoa kwa maisha yao wenyewe, na tukishapata makali wao ndio wa kwanza kuyaonja. Nikawafikiria walimu, ambao hutupa lugha tutakayoitumia siku moja kuwapinga. Tangu siku hiyo sikioni kisu kikali bila kuuliza kilipita juu ya ngozi ya nani.

Baada ya kunoa nilifundishwa kusoma. Mzee alitandaza ngozi nzima ya ng'ombe juu ya gunia, akaipapasa kutoka shingoni hadi mkiani kwa kiganja kilichofunguka, kama mtu anayempapasa mgonjwa kutafuta mahali panapouma. Mgongoni ngozi imeshikamana na kukaza, nayo ndiyo ya soli na mikanda. Tumboni ni legevu, maana tumbo lilipanuka na kunywea kila siku kwa majani, na kwa ndama ikiwa alikuwa jike. Mkanda ukikatwa tumboni hurefuka kila uvaliwapo, hadi matundu yanakwisha. Shingoni kuna mikunjo ya miaka yote ambayo mnyama aliinama kula na kuinuka kusikiliza. Hapa kuna vijitundu vya kupe. Hapa mwiba wa mgunga ulipita, jeraha likapona likaacha mstari mweupe. Hapa ni chapa ya moto, herufi mbili za mwenye mali, zilizoifanya sehemu kubwa ya ubavu isifae kwa mkoba. Na hapa, upande wa nyama, kisu cha mchunaji kiliingia ndani mno kwa haraka ya machinjioni. Ng'ombe yule hakuacha jina, wala hakuna aliyemwandikia kumbukumbu, lakini maisha yake yote yalikuwa yametandazwa mbele yetu, kiangazi na masika, fimbo na malisho. Nikaelewa kwamba jicho nalo ni chombo, na kwamba linanolewa polepole kuliko kisu.

Kiswahili kimetupa neno moja. Ngozi ni ile aliyovaa ng'ombe malishoni, ngozi ni ile inayoning'inia kiwandani, na ngozi ni hii inayonifunika mimi, inayosisimka kwa baridi na kuchubuka kwa jua. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo hadi nilipokaa na kazi hii, ngozi yangu ikiishika ngozi ile saa baada ya saa. Ya fundi nayo huandikwa. Ncha ya kidole changu cha shahada cha kushoto ina doa gumu mahali sindano inapotokea, na pembeni mwa vidole vidogo vya mikono yote miwili uzi uliotiwa nta umechora mifereji miwili myembamba. Wiki za mwanzo mifereji hiyo ilitoka damu. Sasa imekuwa sugu. Naitazama sugu hiyo nikasema moyoni kwamba ni ngozi iliyosindikwa na kazi. Tunapoivuta ngozi ya mnyama ikae umbo tulitakalo, nayo inatuvuta sisi, na mwisho wa mwaka huwezi kusema nani amemtengeneza nani.

Kuna methali nyingine, nayo imetoka moja kwa moja katika kazi hii: ngozi ivute ili maji. Ngozi ikiwa na unyevu hukubali, ikikauka imeshaamua. Nilipoanza niliielewa kwa akili tu, kama tunavyozielewa methali za shuleni. Sasa naijua kwa vidole. Ngozi iliyosindikwa kwa magome, kabla ya kupigwa nakshi au kufinyangwa ikae umbo la kisu ndani ya ala, hulowanishwa, kisha huachwa. Ukiipiga ingali chapachapa, nakshi huvimba na kufutika. Ukichelewa, chuma hudunda. Lazima ungoje hadi rangi yake ianze kurudi ya zamani, huku ukiiweka shavuni bado unahisi ubaridi. Muda huo ni mfupi, haupimwi kwa saa ya ukutani, na hakuna kifaa dukani kitakachokutajia. Watu wengi huitumia methali hii kwa watoto: walee wangali wadogo. Nami nilipoanza kujifunza na mvi zangu niliogopa kwamba nimeshakauka. Lakini ngozi imenifundisha jambo ambalo methali imelinyamazia. Ile iliyokauka, ikipewa maji tena kwa utulivu, hulainika tena. Si kama mara ya kwanza, na haitaki kuloweshwa kwa pupa, lakini hulainika. Mtu mzima anayekubali kukaa chini ya mkungu akaambiwa "noa" na akanoa, huyo amejilowesha mwenyewe.

Na hayo magome yanayosindika ngozi yana hadithi ndefu. Ukitafuna bibo la korosho ulimi hukauka na mashavu hujivuta ndani. Ukinywa chai ya rangi iliyokolea mno, hali ni hiyohiyo. Kinachokukausha ni tanini, na tanini hiyohiyo, ikitoka kwenye magome ya miti, ndiyo inayoishika ngozi mbichi isioze, ikaifanya idumu miaka mingi baada ya mwenyewe kufa. Viwanda vingi vya leo hutumia chumvi za kromiamu, ambazo humaliza kazi kwa muda mfupi na kutoa ngozi laini ya viatu na makoti. Magome hutaka wiki nyingi, na ngozi yake hutoka ngumu, ya rangi ya udongo mkavu, kisha hukolea rangi kila mwaka kwa jua na mafuta ya mikono. Pwani yetu ni nchi ya magome. Mikoko na mikandaa ya delta ya Rufiji ilimenywa magome kwa wingi katika enzi za Wajerumani, yakapakiwa melini kwenda kusindika ngozi za Ulaya. Huko Njombe, kampuni ya miwati iliyoanzishwa mwaka 1949 ilipanda vilima vizima ili kukamua tanini katika magome yake. Magome yakaenda, viatu vikarudi. Nayafikiria hayo ninapoona ngozi iliyosindikwa kwa magome ikiuzwa kwa bei ya juu kwa sababu imetoka mbali, na najiuliza ni mara ngapi tumenunua utomvu wa miti yetu wenyewe bila kuutambua.

Penye miti hapana wajenzi. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, mbali na mbuzi na kondoo, na bado ukisimama asubuhi penye foleni ya daladala ukatazama miguu, utaona plastiki, utaona raba za mtumba, utaona kandambili. Nasema haya kwa uchungu wala simlaumu aliyezivaa. Viwanda vya viatu vya ngozi tunavyo, kama kile cha Karanga mjini Moshi, na pale Mwanza kampasi ya Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam inafundisha elimu ya ngozi tangu kuisindika hadi kuishona. Vilevile watu wetu hawajawahi kukosa akili ya kutumia kilichopo. Tazama katambuga, kiatu cha tairi lililochakaa: tairi limekimbia barabara zote za nchi, limekwisha, likakatwa kwa kisu, likapigwa misumari midogo, likaanza kutembea upya kwa miguu ya mtu. Aliyelikata hakungoja apate tairi la kufaa wala kisu cha kufaa. Alikuwa na mguu unaochomwa na mchanga wa moto, akaanzia hapo. Naona sasa kwamba haja ya kweli ndiyo inayomchagulia mtu chombo. Sanduku langu la vifaa zaidi ya 30 lilikuwa chaguo la mtu ambaye bado hakuwa na haja. Alikuwa na hamu, na hamu haijui kuchagua.

Ninapokata makubadhi, mawazo huvuka bahari hadi Lamu na Pate, ambako kiatu hicho kimeshonwa kizazi baada ya kizazi. Katika karne ya 19 mji wa Siyu, kisiwani Pate, ulisifika kwa wanazuoni na mafundi wake: wanakili wa misahafu na mafundi ngozi waliishi mji mmoja. Napenda kuwaza msharasi ukitoboa kanda la kiatu na jalada la kitabu kwa heshima ileile, kwa sababu kimoja kinabeba miguu na kingine kinabeba maneno, na vyote viwili humfikisha mtu. Lakini kiatu hakikuwa cha kila mtu. Huko Unguja katika karne hiyohiyo mtumwa alitembea peku. Kuvaa viatu na kufunika kichwa zilikuwa alama za mwungwana. Utumwa ulipofutwa kisheria huko mwaka 1897, waliotoka katika minyororo walianza kujivika kile walichonyimwa. Nikishona kanda juu ya soli humwona mtu wa siku zile akiingiza mguu wake ndani ya kiatu mara ya kwanza, akisimama kidogo kabla ya kupiga hatua, akisikiliza sauti mpya ya nyayo zake mwenyewe.

Wala siwezi kuusahau upande wa pili. Kiboko tunayemtaja mtoni na kiboko tulichochapwa nacho vina jina moja, kwa sababu mjeledi ule ulikatwa katika ngozi ya mnyama yule. Wakati wa utawala wa Wajerumani adhabu ya mapigo 25 ilizoeleka hata ikapata jina lake, hamsa ishirini, na wazee waliishi nalo midomoni muda mrefu baada ya bendera ile kushushwa. Mjeledi nao ulikuwa kazi ya ngozi. Palikuwa na fundi aliyeuchagua mgongo wa mnyama, akaukata kwa kisu kilichonolewa vizuri, akaukausha, akausugua mafuta usipasuke. Alikuwa na vyombo sahihi. Alivijua. Hapa ndipo swali langu la asubuhi linapozidi uzito, maana nilikuwa nikiuliza kama chombo kinaufaa mkono, na historia inaniuliza kama mkono unamfaa mwenzake. Msharasi hautofautishi hirizi ya mtoto na ala ya jambia, wala kiatu cha mkombolewa na mshipi wa msimamizi. Hutoboa pale unapoelekezwa. Anayejifunza kuushika ajue kwamba amejifunza pia kuelekeza.

Na vyombo vyenyewe ni vya zamani kuliko hayo yote. Mwaka 2021 wataalamu wa mambo ya kale walieleza habari za vifaa zaidi ya 60 vya mfupa vilivyopatikana katika pango la Contrebandiers, pwani ya Moroko, vyenye umri wa kati ya miaka 90,000 na 120,000. Baadhi yake vilikuwa mbavu zilizochongwa ncha ya mviringo, pana na laini, za kukwangulia na kulainishia ngozi na manyoya bila kuzitoboa. Nilipolisoma jambo hilo nilinyanyuka nikaenda kwenye mkoba wangu. Humo nina kipande cha mfupa alichonipa mzee, cha kusugulia kingo za mkanda hadi zing'ae na kukandamizia mikunjo ya mkoba. Umbo lake ni lilelile. Katika kazi ngapi za binadamu utakuta chombo ambacho miaka laki moja haikuona sababu ya kukibadilisha? Barani kwetu, kando ya bahari nyingine, palikuwa na mtu aliyeketi na ngozi mapajani, akachagua ubavu mmoja katika mifupa iliyobaki baada ya chakula, akaujaribu, akautupa, akachagua mwingine, akausugua juu ya jiwe hadi ukamtosha. Mtu huyo alikuwa mwanafunzi siku moja, na ngozi yake ya kwanza huenda iliharibika. Nikiushika mfupa wangu nahisi foleni ndefu ya mikono nyuma yangu, nami nimesimama mwisho wake, nikiwa nimefika juzi.

Siku mzee aliponiruhusu kushona, alinipa uzi mmoja na sindano mbili, moja kila ncha. Msharasi hutangulia ukatoboa. Sindano ya kulia hupita tunduni kwenda kushoto, ya kushoto hupita tundu lilelile kuja kulia, kisha mikono yote miwili hufunguka kwa pamoja, kama ya mtu anayeomba dua, hadi uzi ukakaza. Tundu linalofuata, hivyo hivyo. Cherehani hushona haraka, lakini nyuzi zake mbili, wa juu na wa chini, hushikana tu katikati ya ngozi kila mmoja ukibaki upande wake, na ukikatika mmoja mshono huanza kuachia. Mshono wa mkono hauko hivyo. Katika kila tundu uzi umepita mara mbili, kwenda na kurudi, na ukikwanguka upande mmoja ule wa pili unabaki umeshika. Mkono mmoja haulei mwana, na kumbe haushoni hata kiatu. Nilishona mistari mingi iliyokwenda mrama kabla ya kupata mmoja ulionyooka. Mzee alipitisha kucha juu yake, akaugeuza, akatazama nyuma, maana mshono husomwa kwa nyuma. Hakusema neno. Alinirudishia kipande, akasogea kidogo kwenye gunia, akaniachia nafasi ya kukaa upande wa kivuli.

Macho yalipoanza kumwacha alinipa msharasi huu. Kwanza nilitaka kuupiga tupa mpini wake, niufanye uchukue umbo la kiganja changu. Niliushika, nikaitazama tupa, nikairudisha mahali pake. Ninaushonea kama ulivyo, na hivi karibuni nimeona kando ya kibonyeo chake, upande wa kushoto, mti umeanza kung'aa mahali pengine padogo. Hapo ndipo dole gumba langu linapokaa. Hili ndilo jibu nililolipata, na nalisimamia: chombo sahihi hakiko dukani kikikungoja. Unachukua kilicho kizuri kadiri ya uwezo wako, unakinoa, unakifanyia kazi ya kweli mbele ya macho ya mtu anayejua, na siku moja usiyoijua kinakuwa chako. Lile sanduku nimewagawia vijana wawili wanaoanza, nikajibakizia rula ya chuma na sindano.

Mtaa wa pili kutoka kwangu alifariki fundi viatu mmoja mwaka jana. Baada ya arobaini, watoto wake walimwita mnunuzi wa chuma chakavu, akazipima nyundo, visu, misharasi na kalibu za chuma kwa pamoja, akalipa kwa kilo, akaondoka navyo kwenye toroli. Watoto wale hawakutenda ubaya wowote. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ile mipini ilikuwa imeandikwa. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, walisema wahenga, lakini wao hawakuitwa hata kuvukuta. Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma. Mafundi hawa bado wapo, chini ya mikungu na miarobaini, penye vituo vya daladala na milango ya masoko, na wengi wao wamezeeka. Ukimwona mmoja, mwamkie. Mpelekee kiatu chako badala ya kukitupa, na usiondoke mara moja; kaa kwenye benchi lake utazame mikono yake. Kisha mwombe akuachie ushone tundu moja.